Sindano ya Juni

4 Februari

Shemeji mpendwa,

Naomba uniwie radhi kwa ukimya wangu wa tangu mwaka jana. Barua yako ya mwisho niliipokea, nikaiweka juu ya meza ya kazi ili niijibu siku ileile, kisha kazi ikaifunika. Natumaini haya machache yatakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti lako linakubali kupanda vile vidaraja vya mlangoni kwako bila manung'uniko.

Sisi huku hatujambo, ukiacha mambo madogo ya uzee ambayo hayafai kuchafulia karatasi nzuri. Mwanangu bado anafundisha hesabu. Huondoka asubuhi amekumbatia madaftari ya wanafunzi, akarudi jioni ameyakumbatia yaleyale, uso umemvimba kwa makosa ya watoto wa watu. Anakusalimu sana, na ananituma nikukumbushe kwamba yeye ndiye mwanao wa kwanza; hao wengine uliowapokea wodini walipita njia tu. Mumewe naye anakusalimu. Simu ya nyumbani, kama ujuavyo, inakaa sebuleni, na anayeongea humo husikika hadi jikoni. Ndiyo sababu napendelea kalamu.

Kazi bado ninayo. Chuo cha wauguzi kimeniletea vitabu vyao vya ukunga nivijalidi upya, maana majalada ya kwanza yaliachia. Vimejaa kwenye makasha hadi mlango wa karakana haufunguki wote, nami huingia kwa ubavu kama mwizi.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonishikisha kalamu, na tafadhali usinione mkosefu wa adabu. Ni kuhusu marehemu dada yako. Alipovuka miaka hamsini alikuwa akijiwa na joto la ghafla. Utakumbuka. Alikuwa akiingia karakana, anafungua dirisha, na upepo unakausha gundi yangu kabla sijapitisha brashi mara ya pili. Mimi nalifunga, yeye analifungua, na katika muda wote ule hatukuzungumza lolote kuhusu dirisha lile. Katika miaka hiyohiyo nilimwona mara kadhaa amesimama katikati ya jiko akitafuta neno, tena neno jepesi kama kijiko au mfuniko.

Wewe ni ndugu yake, na umekuwa mkunga maisha yako yote. Naomba unieleze: lile joto hutoka wapi? Hudumu muda gani? Na je, hugusa akili? Najua kwamba yeye alituaga akiwa timamu, akijua jina la kila mtoto wa mtaa huu; lakini nataka kuelewa kama kule kusahau kulikuja na joto na kuondoka nalo, au kama alibahatika tu.

Nitashukuru usiponiuliza kwa nini nauliza.

Shemeji yako mwenye heshima kwako,
Fundi wa vitabu


27 Februari, saa nne asubuhi

Bwana Gundi, shemeji yangu,

Naandika tarehe na saa kama nilivyokuwa nikiandika kwenye faili la mgonjwa. Mazoea hayo hayanitoki, nami nimeacha kuyafukuza.

Goti halijambo. Zinazoniuma ni mbavu, kwa kucheka. Unamkumbuka jirani yangu seremala? Amepata kazi ya kutengeneza kabati la nguo, kubwa, la mteja mwenye haraka. Kwa kuogopa mvua akalitengenezea ndani ya chumba chake. Siku ya kulitoa, kabati likakataa mlango. Akang'oa mlango, likakataa fremu. Akang'oa fremu, mwenye nyumba akatokea. Sasa kabati limebaki chumbani na kitanda kimehamia uani, na mkewe anasema kama ni kuchagua, yeye atalala kabatini. Mpangaji wangu, yule mshona nguo, ameacha kupita mlangoni kwao kwa sababu hawezi kujizuia.

Haya, tuje kwenye swali lako lililovaa suti na tai. Shemeji, umekaa na mwanamke miaka yote hiyo na hukuuliza kwa nini dirisha linafunguliwa? Wanaume mnaishi nyumba ya jirani huku mnalala kitanda kimoja na sisi.

Sikiliza. Vifuko vya mayai vya mwanamke vikikaribia kustaafu, ile homoni yake, estrojeni, haishuki kwa utaratibu. Hupanda leo, ikaporomoka kesho, kama mlevi anayetafuta kwao. Ndani ya ubongo mna sehemu inayopima joto la mwili. Estrojeni ikiyumba, sehemu hiyo inadhani nyumba inaungua, inaamuru jasho. Watu hufikiri homoni hizi ni za kuzaa tu, lakini ubongo nao huzitumia kila siku, hasa ile sehemu inayotunza kumbukumbu. Kwa hiyo mwanamke wa umri ule hupotelewa na maneno, huingia chumbani akasahau alichofuata, halafu analia kwa hofu kwamba kichwa kimeharibika. Nimewaambia wengi pale kliniki: ni ukungu, tulia. Kwa walio wengi ukungu huo hupita, mwili ukishazoea. Kwa dada yangu ulipita. Haikuwa bahati, alikuwa kama wengi.

Mimi sikupewa hata ukungu wa polepole. Unajua nilitolewa kizazi na vifuko vyake vyote nikiwa na miaka thelathini na minane. Joto langu halikubisha hodi. Nililala nikiwa kijana na kuamka bibi. Na kama nilisahau kitu miaka ile, basi nimesahau kwamba nilikisahau.

Sasa na mimi nauliza, ingawa umenikataza. Nani ana joto nyumbani kwako? Binti yetu hajafika umri huo. Mumewe simhesabu. Usiponijibu nitaamini umeoa.

Mama mdogo wa mwanao


19 Machi

Shemeji mpendwa,

Barua yako ilinichekesha, na kwa hilo nakushukuru, kwani kicheko kimekuwa adimu karakanani. Mwanangu alitaka kujua ninachekea nini. Nilimsomea habari ya kabati, nikaishia hapo. Sote tunakusalimu. Mvua imevuja kwenye kona ya makasha, lakini tumewahi kuyahamisha.

Sijaoa. Nakuomba radhi, kwa maana nilitumia kumbukumbu ya marehemu kama pazia, nikasimama nyuma yake. Mwenye joto ni mimi.

Naandika jambo hili kwako peke yako. Mwaka jana niligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume. Daktari ni mtu mpole na mwenye subira na wazee. Alinieleza kwamba saratani ya namna hii hunawiri kwa homoni ya kiume, na kwamba kuna sindano, moja kila baada ya miezi mitatu, inayoufanya mwili uache kuitengeneza homoni hiyo. Saratani ikinyimwa chakula, husinyaa au hulala. Nilikubali. Nimekwisha kuchomwa tangu Septemba, na ya Machi nimechomwa wiki iliyopita. Kipimo cha damu kimeshuka vizuri sana. Nyumbani wanajua kwamba naenda kupimwa macho.

Lakini joto, shemeji. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni, na shati linalowa kama nimebeba mizigo. Nafungua dirisha. Upepo unakausha gundi yangu. Juzi nilisimama pale dirishani, mkono kwenye komeo, nikaelewa kitu ambacho ningependa kukielewa nikiwa na mtu wa kumwambia.

Joto ningelivumilia. Linalonikosesha raha ni lingine. Vile vitabu vya ukunga nilivimaliza na kuvipeleka chuoni. Mkuu wa chuo akanirudishia kimoja akiwa amekishika kwa vidole viwili. Nilikuwa nimeshona mkunjo mmoja mahali pa mwingine, na katika kitabu kile mtoto amezaliwa, ameoshwa na kufungwa kitovu, ndipo uchungu wa mama unaanza.

Naomba nikueleze uzito wake. Kitabu ni mikunjo ya karatasi iliyopangwa, na mgongoni mwa kila mkunjo mchapaji huweka alama nyeusi. Alama ya mkunjo wa kwanza huwa juu, ya pili chini yake kidogo, na kuendelea. Mikunjo ikipangwa sawasawa, alama hizo hushuka mgongoni kama ngazi. Mkunjo mmoja ukikosewa, ngazi huvunjika, na hata mwanafunzi wa siku ya kwanza huona. Padre aliyenifundisha kazi alikuwa akitufumba macho kwa kitambaa, akitufumbua kwa nukta moja tu, na ole wake asiyeona ngazi iliyovunjika. Mimi niliitazama ngazi ile. Nakumbuka kuitazama. Sikuona kitu.

Tangu hapo nimekuwa nikijipeleleza. Nasahau nilipoweka mfupa wa kukunjia karatasi, nao uko mfukoni. Nimemwita mkwe wangu kwa jina la kaka yake. Nilimuuliza daktari bila kumtazama usoni: je, sindano hii hula kumbukumbu? Hakunificha. Alisema baadhi ya watafiti wamekuta wanaume waliofungiwa homoni hii wakipata maradhi ya kusahau zaidi kuliko wengine, na watafiti wengine wametafuta jambo hilohilo wasilikute, na kwamba kwa mgonjwa mmoja aliyekaa mbele yake hawezi kuapa upande wowote. Nilimshukuru. Nilipofika nje nilikaa kwenye ngazi za hospitali hadi mlinzi aliponiuliza kama nasubiri mtu.

Sindano inayofuata ni ya Juni. Nisamehe kwa kulisema wazi: sidhani nitakwenda. Saratani itachukua mwili, nao umekwisha kutumika. Lakini sura ya dada yako, sauti yake akiimba jikoni, namna alivyokuwa akilikunja gazeti, vitu hivyo haviko mahali pengine popote isipokuwa kichwani mwangu. Picha tulizonazo hazifanani naye. Kichwa kikienda, atakuwa amekufa kabisa.

Naomba ushauri wako, na naomba usimwambie mwanangu.

Shemeji yako


30 Aprili, saa kumi jioni

Shemeji,

Karibu kwenye chama chetu. Kiingilio ni leso moja ya kufutia jasho, na wanachama hatuendi kwenye vikao vilivyofungwa madirisha.

Nimecheka, halafu nimekaa chini nikalia, halafu nimekasirika, kwa mpangilio huo. Sasa nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo shika meza.

Utakwenda kuchomwa sindano ya Juni. Saratani yako ni jambo la hakika, imepigwa picha na kupewa jina. Hilo la kusahau ni labda. Daktari wako amekwambia kwa uaminifu kwamba ni labda, nawe umeigeuza hukumu. Nenda, lakini usiende kama kondoo. Mwambie habari ya mkunjo. Mwambie akupime kumbukumbu sasa, ili baadaye kuwe na cha kulinganisha. Muulize kama kuna njia nyingine, au kama sindano inaweza kusimamishwa kwa muda chini ya macho yake. Mwambie unalala vipi, maana najua hulali. Asiyelala kwa sababu ya jasho husahau hata jina la mkwe. Hofu nayo hufanya hivyo. Nimewaona akina mama wenye hofu wakishindwa kutaja tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto waliyemshika.

Kuhusu mtoto kuzaliwa kabla ya uchungu: wapelekee chuo kitabu hicho hivyohivyo. Wanawake wote watakushukuru.

Na binti yako mwambie. Mwanamke yule anasahihisha makosa ya watu kwa mshahara. Unadhani macho yako yanapimwa kila miezi mitatu na haoni?

Huku kwetu hatujambo. Nusura nisahau kukusimulia jambo la kuchekesha. Unamkumbuka jirani yangu seremala? Amepata kazi ya kutengeneza kabati la nguo, kubwa, la mteja mwenye haraka. Kwa kuogopa mvua akalitengenezea ndani ya chumba chake, na siku ya kulitoa, kabati likakataa mlango. Akang'oa mlango, likakataa fremu. Mkewe anasema kama ni kuchagua, yeye atalala kabatini. Ungeuona uso wa mwenye nyumba.

Nijibu haraka. Na usiniandikie kwa adabu, niandikie ukweli.

Mama mdogo wa mwanao


2 Julai

Shemeji mpendwa,

Naomba radhi kwa kuchelewa. Nilitaka kukuandikia baada ya kwenda hospitali, na kwa kuwa sikwenda, sikujua niandike nini. Mwanangu anakusalimu, shule zimefungwa, naye anazunguka nyumba nzima akitafuta kitu cha kusahihisha. Mkwe amepaka rangi lango. Chuo cha wauguzi kimenisamehe na kuniletea kazi nyingine.

Siku yenyewe ilipofika nilivaa vizuri, nikatoka, nikafika hadi kituo cha basi. Niliketi pale hadi mabasi yalipopungua, kisha nikarudi nikasema macho yangu ni mazima. Tangu hapo joto limeanza kupungua, nami nalala vizuri zaidi. Nimeshona kitabu kizima bila kosa. Unaweza kufikiri ningefurahi. Badala yake nahesabu maumivu ya nyonga na kujiuliza kama ni kazi ya kuinama au ni yule mgeni ameamka. Kwa hiyo nimeacha kuogopa kitu kimoja ili niogope kingine, na sioni kama nimefanya biashara nzuri.

Kila ulichosema kilikuwa kweli, na nakushukuru kwa kukisema kwa hasira. Naomba tu uniruhusu nifikiri kidogo zaidi.

Habari ya kabati la seremala imenichekesha tena.

Na wewe, shemeji, afya yako i namna gani? Katika barua zako zote unasema hamjambo, kisha unarudi kwenye mambo yangu. Samahani kwa kuuliza. Je, goti ndilo pekee? Je, unaye mtu wa kula naye jioni?

Shemeji yako mwenye heshima kwako


Shemeji,

Barua yako imekaa hapa mezani siku nyingi. Umeandika neno "tena". Nilipolisoma nikajiambia, huyu mzee ana adabu mbaya kuliko matusi. Nikatafuta barua zangu kichwani, kama nilikwisha kukusimulia habari ya seremala. Sikuiona. Nikamuuliza mpangaji. Akashika cherehani yake, akasema, "Mama, unaisimulia vizuri kila mara." Kila mara, shemeji.

Uliniomba ukweli kwa mlango wa uani, basi huu hapa. Nilikwisha kujua. Januari nilipotea nikitoka sokoni, njia niliyoipita maisha yangu yote. Walinipima. Wanasema ni mwanzo wa maradhi ya kusahau, mwanzo tu, lakini ndiyo yenyewe. Mpangaji anaweka dawa zangu kwenye kisanduku chenye siku za wiki na kunitazama nikimeza, mimi niliyewamezesha watu maisha yangu yote.

Daktari bingwa aliniuliza nilikoma hedhi nikiwa na umri gani. Nikamwambia habari ya upasuaji. Akaandika. Nikamwambia, usiandike tu, sema. Akasema wanawake waliopoteza vifuko vya mayai mapema hivyo, bila kurudishiwa estrojeni, baadhi ya tafiti zimewakuta katika hatari zaidi ya ugonjwa huu. Akasema pia kwamba mimi nina shinikizo la damu, na umri, na mama yetu alianza kupotea njia kabla hajafa, na kwamba hakuna anayeweza kunyoosha kidole na kusema ni hiki. Nikauliza kama nikipewa homoni sasa itasaidia. Akasema kuianza kwa umri wangu hakuzuii, na huenda kukadhuru.

Sasa unaelewa kwa nini nilikaa kimya. Mwezi wa Februari uliniuliza kama joto hugusa akili, nikakuandikia kuhusu ukungu unaopita. Yote niliyokuandikia ni kweli. Niliacha tu la kwangu. Barua yako ya pili ilipokuja na habari ya sindano, nikasema, nikimwambia huyu kwamba shemeji yake alinyang'anywa homoni na sasa anasahau, ataitupa sindano siku hiyohiyo. Nikafunga mdomo ili uishi. Nawe ukaitupa hivyohivyo.

Basi fikiri na hili. Hata kama ni homoni ndiyo iliyonifikisha hapa, na hakuna anayejua, mimi nimepata miaka mingi tangu upasuaji ule. Walinitoa uvimbe ambao ungeniua. Nimepokea watoto wa watu. Nimekula, nimecheka, nimezika, nimekutania. Ningeulizwa pale mlangoni pa chumba cha upasuaji, ningesaini tena.

Wewe unaogopa kwamba dada yangu yuko kichwani mwako peke yake. Mimi nami nilikuwa naye, tangu akiwa hana meno ya mbele. Ninayepoteza upande wake wa utotoni ni mimi, na nataka nikusimulie kabla haujaenda. Nitamsimulia nani kama umekufa? Na nikikusimulia mara mbili, niambie "tena", usione haya. Mara tatu, nyamaza.

Naogopa, shemeji. Sijaliandika neno hilo mahali popote.

Nenda kachomwe sindano.


14 Septemba

Shemeji mpendwa,

Naanza na jibu, kisha salamu, na uniwie radhi kwa kuvunja utaratibu niliofundishwa. Nimekwenda. Barua yako ilifika mwishoni mwa Agosti, na kesho yake nilichomwa ile sindano ya Juni. Kipimo cha damu kilikuwa kimepanda, si sana, na daktari anaamini tumewahi. Nilimweleza habari ya mkunjo. Amenipima kumbukumbu kwa maswali na michoro, na matokeo yako ndani ya mstari wa watu wa umri wangu. Atanipima tena mwakani. Kumbukumbu ikionekana kushuka, tutazungumza juu ya kupumzisha sindano kwa muda. Joto limerudi. Naandika dirisha likiwa wazi, na karatasi imezuiwa kwa jiwe.

Sasa salamu. Mwanangu anakusalimu huku amenuna. Nilimwambia yote siku niliyorudi: ya kwangu, na kwa ruhusa ambayo sikuiomba kwako, nisamehe, ya kwako pia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Baba, miwani yako ni ileile tangu niolewe. Nilikuwa nasubiri uchoke." Halafu akaenda jikoni, na kwa kuwa nyumba yetu husikika, nilimsikia.

Barua yako ya mwisho haina tarehe wala saa. Wewe, ambaye hukuniandikia hata salamu za sikukuu bila kutaja saa. Niliitazama nafasi ile tupu juu ya karatasi kwa muda mrefu kuliko nilivyoisoma barua yenyewe. Nimeiandikia tarehe kwa penseli, kufuatana na muhuri wa posta. Ukiona nimekosea, futa.

Nimefanya hivyo kwa sababu nimezijalidi barua zetu. Zako nilikuwa nazo, na za kwangu mpangaji wako alikuwa na wema wa kunitumia baada ya mwanangu kuzungumza naye kwenye simu. Kila barua nimeifanya mkunjo wake, na mgongoni nimeichora alama nyeusi kwa mkono, moja chini ya nyingine. Uzi ni wa kitani, na kitabu hukaa wazi mezani bila kushikwa, ili usome huku unakunywa chai. Kabla sijashona, nilimwita mwanangu aangalie ngazi. Sikuamini macho yangu, nami siioni tena kuwa aibu. Akanionyesha kwa kidole: umeanza wewe, akajibu mama mdogo, ukafuata wewe. Ngazi haikuvunjika. Nyuma nimeacha karatasi tupu za kutosha, kwa ajili ya dada yako alipokuwa hana meno ya mbele. Wewe utasema, mwanangu ataandika, mimi nitakuuliza maswali.

Tunakuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, sote wawili, na hatutaki upike. Nitakapofika, kama itatokea usinitambue mara moja, usifadhaike. Mimi ndiye yule mzee atakayeomba ufungue dirisha.

Nina ombi moja, na naliomba kwa adabu yangu yote. Tukishakaa, tusimulie habari ya seremala na kabati lake. Mwanangu hajaisikia kutoka kinywani mwako. Kisha, kama utaona vema, tusimulie tena.

Shemeji yako,
Gundi